Namba za Watu ni Amana: Daftari la Simu Linapokutana na Barua Pepe ya Siri

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Shela, vyumba sita na roshani inayotazama mkondo kati ya Lamu na Manda. Mwaka jana aliacha barua pepe aliyoizoea akahamia ile iliyosimbwa, yaani inayofunga barua kwa fumbo, kwa kuwa wageni humtumia picha za pasipoti na hakupenda zilale kwenye seva, kompyuta ya kampuni inayohifadhi barua, ambayo mwenye seva anaweza kuzifungua akitaka. Kijana aliyemsaidia kuhama aliiondoa akaunti ya zamani kwenye simu, akamhakikishia kwamba majina yote yamehamia upande mpya. Na kweli yalikuwa yamehamia. Siku chache baadaye simu ikalia, namba tupu bila jina, shangazi asipokee. Alikuwa nahodha wake, anayemvushia wageni tangu mimi niko shule ya msingi, yuko uwanja wa ndege wa Manda na wageni wanne waliofika mapema, jua la saa saba liko utosini.

"Mwanangu," aliniambia jioni ile, "majina yangu nikiyatafuta kwenye barua nayaona. Mtu akinipigia, siyaoni. Yako wapi hasa?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Kila anayehamia barua pepe iliyosimbwa hulifikia siku moja, na jibu lake linataka subira kidogo.

Ukilifungua daftari la simu unaona orodha moja, alifu hadi ye, ukadhani ni kitabu kimoja. Sivyo. Ni vitabu kadhaa vilivyotiwa jalada moja. Majina machache yamo kwenye laini yenyewe, ambayo kwa kawaida hubeba kama 250, jina na namba basi. Mengine yamo kwenye kumbukumbu ya simu. Mengi zaidi yamo katika akaunti: ya Google, ya iCloud ambayo ni hifadhi ya Apple, au ya kampuni iliyotengeneza simu. Kila jina lina mwenyewe, na akaunti ikiondoka huondoka na watu wake. Ndivyo nahodha alivyogeuka namba tupu. Hakuna aliyemfuta. Alihama na akaunti, akapokelewa ndani ya barua pepe mpya, na kile kipande cha simu kinachopokea simu hakina njia ya kuingia humo kumtafuta.

Kwa nini hakina njia, ilhali zamani majina yalikuwa yanafuatana na mtu kutoka simu hadi kompyuta bila yeye kufanya lolote? Huko zamani kulikuwa na mkataba. Lugha inayotumika sana katika kusawazisha majina, yaani kuyafanya yalingane kwenye kila kifaa, inaitwa CardDAV, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2011. Simu hubisha hodi kwenye seva, huuliza nini kimebadilika tangu tulipoonana, nayo seva hutoa kadi zilizobadilika. Kadi yenyewe, inayoitwa vCard, ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote ajuaye kusoma atayasoma. Njiani kadi husafiri zikiwa zimesimbwa, kwa hiyo aliyekaa katikati haoni kitu. Lakini zikifika kwenye seva hukaa wazi mbele ya mwenye seva. Ndiyo sababu mambo yanakwenda kirahisi vile. Seva inayajua majina, kwa hiyo inaweza kuyatafuta, kuyaunganisha yaliyojirudia na kukabidhi kifaa kipya ulichonunua jana.

Barua pepe iliyosimbwa imekataa jambo hilo hilo. Ufunguo wa kufungulia umefungwa kwa nenosiri lako na hutumika kwenye kifaa chako tu, huku seva ikihifadhi fumbo ambalo haiwezi kulifumbua. Sasa fikiria simu ije ibishe hodi kwa lugha ya CardDAV. Seva itatoa nini? Fumbo, na simu haitalielewa. Ili itoe kadi zinazosomeka ni lazima iwe na ufunguo, na ikiwa na ufunguo basi kuhama kote kumekuwa bure. Ndiyo maana Proton Mail, huduma iliyoanzishwa mwaka 2014 na watu waliokutana katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, haitoi CardDAV. Nimesikia watu wakilalamika kwamba ni uzembe, au ni hila ya kumfungia mteja ndani. Siamini hivyo. Unaomba seva isiyojua kitu ifanye kazi ya seva inayojua kila kitu.

Hata Apple, kwa utajiri wake wote, iligonga ukuta huo. Desemba 2022 ilileta ulinzi wa ziada wa iCloud ambao mtumiaji akiuwasha, picha zake, nakala za akiba na vidokezo vyake husimbwa kwa ufunguo alionao yeye tu. Vitu vitatu vikaachwa nje: barua pepe, majina na kalenda. Sababu waliyoitoa ni kwamba vitatu hivyo havina budi kuelewana na mifumo mingine ya dunia. Mwenye iPhone aliyewasha ulinzi wote anaoweza kuuwasha, bado majina ya watu wake yanasomeka upande wa pili.

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu hatashangaa nikisema faragha si mlango mmoja wa kufungwa au kuachwa wazi. Nje kuna daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza mawili, ambapo mpita njia huketi na mwenye nyumba wakaulizana hali. Kisha mlango, na nyuma yake kipitio kinachopinda ili aliye mtaani asione kilichoko. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana, ukumbi mrefu, kisha ndani, chumba cha mwisho. Fundi aliyejenga hivyo alikuwa amekwisha kuuliza: nani afike wapi?

Proton ilipoleta orodha yake ya majina iliyosimbwa mwishoni mwa 2017 iligawa kadi kwa namna inayofanana sana na hiyo. Jina na anwani ya barua pepe hubaki dakani, hazisimbwi kwa ufunguo wako, kwa sababu mfumo unazihitaji ili kupanga barua zinazoingia na kuchuja taka. Namba ya simu, mahali anapokaa mtu, siku ya kuzaliwa na maelezo unayojiandikia hupelekwa ndani kabisa, na huko mwenye seva hafiki. Tuta, huduma ya Hannover, Ujerumani, iliyokuwa ikiitwa Tutanota hadi 2023, imechagua kuifunga kadi yote, jina na anwani pamoja. Napenda ukali wa Tuta. Lakini kuna kitu kimoja katika kazi ya Proton ambacho watu hukipita haraka. Zile sehemu zilizobaki wazi zimetiwa saini ya kidijitali. Mtu akiingia kwenye seva akabadilisha herufi moja katika anwani ya mgeni, saini haitaoana na programu itakuonya. Kwa mwenye nyumba ya wageni anayetuma namba ya akaunti ya benki kwa barua, anwani iliyochezewa ni hatari kuliko anwani iliyoonekana.

Turudi kwa nahodha. Njia ya kumrudisha ipo. Programu ya barua pepe iliyoko ndani ya simu inao ufunguo, kwa hiyo inaweza kuifungua kadi papo hapo na kuiandika kwenye daftari la simu. Programu ya Tuta ina swichi ya kufanya hivyo. Ukiiwasha majina yanaonekana, simu ikilia unamjua mpigaji, na moyo unatulia.

Hapa ndipo ningemwomba kila mtu asimame kidogo kabla ya kugusa swichi hiyo. Usimbaji huishia pale. Jina likishaandikwa kwenye daftari la simu halina tena habari na ufunguo wala nenosiri. Litasomwa na kila programu ambayo uliwahi kuipa ruhusa ya kusoma majina, na kwenye Android ruhusa hiyo imekuwa ya yote au hakuna. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015 simu inakuuliza kwanza, na hilo ni jema, lakini ukijibu ndiyo, programu haioni tofauti kati ya fundi wa jenereta na mgeni aliyekuomba usimtaje kwa mtu. iPhone ilianza kuuliza mwaka 2012, baada ya programu moja ya kijamii ya Marekani, Path, kugunduliwa kuwa inapeleka madaftari mazima ya watu kwenye seva zake bila wao kujua. Ni katika iOS 18, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2024, ambapo mwenye iPhone alipata uwezo wa kuteua majina haya na kuyaacha yale.

Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa matokeo yake. Programu za mikopo ya simu zilitufundisha. Mtu alikopa shilingi elfu mbili tatu, akachelewa, na kufumba na kufumbua mwalimu wake wa madrasa, mkwewe na bosi wake wakapokea ujumbe wa kumwaibisha. Namba zao zilitoka katika daftari lake. Kanuni za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zimekataza kutumia daftari la mkopaji kuwaandikia watu wake, na tangu mwisho wa Mei 2023 Google imezizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake zisiombe ruhusa ya kusoma majina wala picha. Lakini mwalimu wa madrasa hakukopa. Hakubonyeza ndiyo mahali popote. Namba yake ilikuwa amana kwa mwenzake, na mwenzake aliitoa kwa kidole kimoja.

Ndiyo maana neno "faragha yangu" halitoshi katika jambo hili. Barua zangu zikivuja nimeumia mimi. Daftari langu likivuja wameumia mamia ya watu.

Zipo programu zinazojitetea kwamba hazichukui namba, zinachukua alama yake tu, yaani tokeo la hesabu ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Kwa nenosiri refu, hesabu hiyo ni kinga. Kwa namba ya simu ni pazia la kitambaa chepesi. Namba ya Kenya baada ya 254 ina tarakimu tisa, na ya mkononi huanza na 7 au 1. Zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida inaweza kupiga hesabu ya kila moja kwa dakika chache, kisha ikalinganisha. Mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza WhatsApp faini ya yuro milioni 225 kwa kutoeleza mambo waziwazi, na mojawapo ya masuala lilikuwa hili la namba za watu wasiotumia WhatsApp, waliomo tu katika madaftari ya wenzao.

Kuna upande wa pili wa kusawazisha, wa kutoka daftari la simu kuingia kwenye barua pepe, na huo una hatari ndogo zaidi. Programu ya barua inasoma daftari ili ukianza kuandika herufi mbili ikukamilishie anwani. Kinachotoka hapo kinatoka mahali pa wazi kuelekea mahali pa kufungwa. Neno "kusawazisha" huficha tofauti hii, kana kwamba maji hutafuta usawa wenyewe bila kujali yanatiririkia wapi. Kabla ya kuwasha, uliza: majina yanakwenda upande gani?

Nilikaa na simu ya shangazi barazani usiku mzima wa Ijumaa. La kwanza nililolitafuta lilikuwa faili. Ili kuhamisha majina, yule kijana alikuwa ameyatoa yote kama faili moja la vCard, na faili hilo lilikuwa bado katika folda ya vipakuliwa. Nililifungua kwa programu ya kusomea maandishi. Halikuomba nenosiri. Mistari mifupi mifupi ilijipanga: FN na jina kamili, TEL na namba, EMAIL na anwani, kisha kadi inayofuata. Majina zaidi ya elfu moja. Na kila baada ya kadi chache, mstari wa NOTE, ambao ni maelezo aliyojiandikia shangazi mwenyewe kwa miaka. Huyu asipewe kamba, hupata mzio. Huyu mtoto wake ana kifafa, chumba cha chini. Huyu ametengana na mumewe, mtu yeyote akipiga kumuulizia asiambiwe yupo.

Mistari kama ile ndiyo sababu ya kuwa na barua pepe iliyosimbwa, nayo ilikuwa imelala katika folda ambayo mtu huweka risiti na vibandiko vya sikukuu. Nililifuta, nikafuta na kwenye pipa la taka, nikampigia kijana naye akafuta nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Anayehama huduma, kitu hiki kimoja asikisahau. Huduma hizi huruhusu kutoa majina kwa vCard, na lazima ziruhusu ili mtu awe huru kuondoka, lakini faili hilo ni nyumba iliyovuliwa kuta.

Kisha tukagawa. Shangazi alinitajia wanaompigia simu na anaohitaji kuwajua kabla ya kupokea: nahodha na kaka yake, mwenye punda wa mizigo, fundi bomba, mwenye maji, daktari, jamaa wa nyumbani, mwalimu wa wajukuu. Walifika kama sabini. Hao tuliwaandika upya kwenye kumbukumbu ya simu, jina na namba tu, bila barua pepe, bila maelezo. Hao wengine wote, yaani wageni na mawakala wao, wakabaki ndani ya barua pepe, na swichi ya kuwapeleka kwenye daftari ikabaki imezimwa. Baadaye tulipitia ruhusa, programu moja moja. Tochi ilikuwa na ruhusa ya kusoma majina. Mchezo wa mjukuu pia. WhatsApp tuliiachia, kwa sababu Lamu bila WhatsApp huagizi hata samaki, lakini sasa inachokiona ni wale sabini.

Zipo njia nyingine kwa mwenye muda na ujuzi. Huduma iitwayo EteSync husawazisha majina yakiwa yamesimbwa mwanzo hadi mwisho, na kwenye Android huyaweka katika daftari la simu, kwa hiyo lile suala la ruhusa linabaki palepale. Mtu anaweza kuweka seva yake mwenyewe ya CardDAV na kutumia DAVx5, programu ya Android inayoiunganisha simu na seva hiyo, ila basi mwenye seva ni yeye, na umeme ukikatika, au diski ikifa, aliyepotelewa ni yeye. GrapheneOS, toleo la Android lililofanyiwa kazi kwa ajili ya usalama, hukuruhusu kuionyesha programu majina machache uliyoyateua ikadhani ndiyo yote. Kwa simu za kawaida, Android 15 imeleta nafasi ya faragha, kama chumba ndani ya chumba, na ikiwa imefungwa programu za nje hazioni kilichomo. Shangazi hakutaka chochote kati ya hivyo, na sikumsukuma. Mpango wa kugawa majina mara mbili unaeleweka na mtu asiyejua lolote kuhusu seva, na mpango unaoeleweka ndio utakaofuatwa msimu wa Desemba vyumba vikijaa.

Sheria nayo inamhusu, jambo ambalo hakulijua. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwita mtu kama yeye mdhibiti wa data, hata kama ofisi yake ni meza ya mpingo na simu moja. Kanuni za usajili za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wengi wadogo, lakini biashara za kupokea wageni zimetajwa kati ya zile zinazopaswa kujisajili kwa Kamishna wa Data bila kujali udogo wao. Waongoza watalii wameachwa nje ya hitaji hilo. Na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nilimsomea shangazi sehemu hizo polepole. Alichouliza ni kimoja: yule mgeni aliyetengana na mumewe, je, kadi yake ilikuwa imeonekana na mtu? Nilimwambia nilivyoweza kujua: tochi ilikuwa na ruhusa kwa miaka mitatu, na hakuna namna ya kujua ilisoma nini. Alinyamaza muda mrefu.

Sasa nahodha akipiga, jina lake linatokea. Wageni wakipiga hakuna jina, ni 44 au 49 au 33 na msururu wa tarakimu, na hapo ndipo mpango wetu una kasoro ambayo sijaitatua. Shangazi ameitatua kwa njia yake. Hupokea kila namba ya ng'ambo, husalimia, huuliza jina taratibu kana kwamba ana muda wote wa dunia, huku mkono mwingine ukifungua barua kwenye tableti, akaandika herufi tatu za kwanza, na kabla salamu hazijaisha anajua ni nani, anakula nini, na ni nani asiyetakiwa kujua kwamba anakuja.